Isiporudi, Imefika

Marehemu hasemwi vibaya, na mimi ni mtu wa kufuata mila. Ila yule mzee bado yu hai, anakula, anatembea na fimbo yake hadi sokoni, kwa hiyo acha niseme sasa nafasi ingalipo. Akitangulia nitasema alikuwa mtu mwema, kama wanavyosemwa wote wanaozikwa.

Kazini tulimwita Mzee wa Seva. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizeni watu wa kijijini kwake Ngonga, wao wana muda wa hayo. Mimi nilifanya naye kazi miaka mingi katika kampuni moja ya kununua kakao pale Kyela mjini. Mimi nilikaa mapokezi, yeye alikaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magunia kabla ya kuletwa mashine. Chumba kilinuka kakao iliyochacha mpaka siku ninaacha kazi. Ndani mlikuwa na seva yenyewe, meza, ufagio wa kufukuzia mijusi, na feni mbili. Zote mbili ziliielekea seva. Yeye alikaa pembeni, shati jeupe amelifunga hadi kifungo cha shingoni, jasho likimtiririka masikioni, na ukimwonea huruma alikuuliza kama wewe ndiye utakayeinunulia kampuni seva nyingine.

Alikuwa na sauti nzuri. Hilo lazima nilitaje mapema. Kanisani ndiye aliyesoma neno kila sikukuu, na bibi zangu walikuwa wakisema hata akisoma bei ya chumvi watu watalia. Mungu alimpa sauti ile akasahau kumpa na adabu ya kuitumia.

Simu hakupokea. Alikuwa nayo mfukoni, inalia, anaitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akigaragara, kisha anaendelea na kazi yake. "Simu ni kelele," alisema. "Mwenye shida na mimi aniandikie." Na hakusema kwa utani. Siku moja mlinzi alikwenda kumwambia kuna nyoka ameingia stoo ya pili. Mzee hakuinua macho. Akasema, "Niandikie." Mlinzi hakuwa na baruapepe, na nadhani hakuwa na hakika kama ni kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa. Akaja kwangu mbio. Nikakaa nikaandika, "Mzee, shikamoo, kuna nyoka stoo." Baada ya muda mfupi tukamwona anatoka na ufagio wake wa mijusi, akamuua nyoka, akarudi, akanijibu kwa maandishi, "Marahaba. Tayari."

Kampuni ilipoanza kuleta viongozi wa vikundi vya wakulima kujifunza kuandikiana na ofisi kwa mtandao, yeye ndiye aliyefundisha. Wazee wa watu walitoka Ngonga, walitoka Katumba Songwe, wamevaa makoti ya harusini, wakakalishwa mbele ya kompyuta wakakaripiwa. Somo lake lilikuwa moja, na aliwafanya walirudie kwa pamoja kama watoto wa kipaimara: "Ikirudi, umekosea anwani. Isiporudi, imefika." Kisha aliongeza la kwake, "Na ikishafika usinitafute kuniuliza kama imefika."

Sasa nieleze kapu, maana bila kapu huyu angekuwa mzee mkorofi tu, na hao tunao wa kutosha.

Sisi huku mtu hatumwiti jina ovyo. Tunamwita kwa kazi yake, kwa mtoto wake, kwa heshima yake. Watu waliandika vilevile. Anwani za ofisi zilikuwa ni majina yetu ya vyeti, lakini mkulima, au binti yake aliyeko Dar, aliandika kwa "bwana kakao", kwa "meneja wetu", kwa "dada wa mapokezi". Seva ilikuwa haiwajui watu hao. Ikarudisha barua zote. Meneja wetu, mtu wa Tanga aliyeletwa huku na kazi na hakuacha kulalamika mbu, alikuja kugundua kwamba mnunuzi mmoja mkubwa alimwandikia hivyohivyo kwa cheo, ikamrudia, akaenda kununua kwingine. Siku hiyo alipiga kelele hadi watu wa duka la jirani wakatoka nje. Akasema kuanzia leo hakuna barua itakayorudi.

Mzee wa Seva aliifanya kazi hiyo kabla ya chai. Alinieleza mwenyewe, siku hiyo alikuwa na furaha. Seva ina orodha ya majina inayoyajua. Jina isilolijua inamrudishia aliyeandika. Yeye akaiambia isirudishe tena, kila kitu chenye jina la kampuni mwishoni ikipokee, na kisicho na mwenyewe ikitupe kwenye sanduku moja, na sanduku hilo liwe lake. Akaliita kapu. Akaniambia nitoe simu yangu, akasema, "Andika upuuzi wowote." Nikaandika kwa nyani. Ikaingia. Nikaandika kwa mkia wa nyani. Ikaingia. Nikaandika kwa shetani, na yeye akacheka, ikaingia pia. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima hilo. Alikwenda nayo hadi nyumbani kwake kujisifu. Alikaa mezani na wanawe na wageni, akawaambia andikeni jina lolote mnalotaka mbele ya jina la kampuni, andikeni hata nyani, itanifikia mimi. Mke wa mwanawe alikuwa jikoni, nyuma ya mlango, akisonga ugali. Alisikia.

Kilichoingia kwenye kapu alikiita mayatima. Vya kazi alivipeleka vinakohusika, na hapo alikuwa mwaminifu. Vilivyobaki alivingojea Ijumaa. Ijumaa baada ya chai, tukiwa na ndizi zetu za kuchemsha na karanga, alitoka chumbani na karatasi mkononi, akasimama katikati ya ofisi, akasoma. Alisoma kwa ile sauti ya kanisani. Matapeli waliorithi dhahabu, mama aliyeomba kazi ya mwanawe kwa kumsifia meno, mkulima aliyeandika salamu tupu kuanzia ya shamba hadi ya ng'ombe akasahau shida yenyewe. Tulicheka mpaka machozi. Nasema tulicheka, na mimi nimo, na mtu akisoma vizuri vile hata wewe ungecheka.

Mpima kakao wetu alikuwa na mchumba Mbozi. Yule binti akaandika kwa "mpenzi wa mizani". Mzee akaisoma yote, pamoja na sehemu ambayo mtu humwandikia mwenzake akiamini dunia ina watu wawili. Mpima kakao alikuwa amekaa palepale, ndizi mkononi. Hakuimaliza. Wiki iliyofuata akaomba kuhamishiwa kituo cha Katumba Songwe, karibu kabisa na mto, ambako hakuna anayeomba kwenda. Nilimwambia mzee amekosea. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, kama angeandika jina la mtu, ingemfikia mtu," akasema. "Mimi nimeokota tu."

Na mtu huyuhuyu, mke wake alipougua kiharusi, alimwogesha mwenyewe. Hakuruhusu dada wala shangazi aguse. Alikuja kazini ananuka sabuni ya mche, kucha zina uji, na mchana alipanda bodaboda kurudi Ngonga kumgeuza kitandani, kisha anarudi tena. Alifanya hivyo mpaka mama wa watu alipofariki. Tulipokwenda kumpa pole alituambia tukae kimya kwa sababu tunamwamsha. Nilimhurumia sana siku ile. Mtu mbaya kila upande angekuwa rahisi kumsimulia.

Mila alizishika kuliko wazee wasiojua kuwasha simu. Kwetu mwali, yaani mke wa mwana, hamtazami baba mkwe wake usoni, hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi, na jina lake halitaji. Wakikutana njiani mwali anaacha njia, anachutama na kugeuza mgongo mpaka mkwe apite. Tunaita ukutila. Siku hizi wengi wamelegeza. Mkwe anamsalimia mwali kanisani na mbingu haianguki. Kwa Mzee wa Seva hakukuwa na kulegeza. Aliweza kuongea nusu saa juu ya mambo yajayo ya teknolojia, kisha akakohoa mara mbili kabla ya kuingia uani kwake ili mwali apate muda wa kukimbia.

Mwali huyo alikuwa mpole, mfupi, mwenye kucheka na mkono mdomoni. Mumewe ndiye mtoto pekee wa kiume wa mzee, fundi wa magari. Siku moja walipokuwa Ngonga, mzee alikuwa shambani kwenye migomba akimtafuta mwanawe, akafanya asichokifanya, akapiga simu. Bahati mbaya simu ya mwanawe ilikuwa imeisha chaji, akapiga ya mwali ili mtu mwingine aipokee. Simu ililia juu ya mkeka barazani, mzee naye akitokea migombani huku bado anapiga. Akaona kioo kinawaka. Juu yake limeandikwa jina la mzee, lote, la kwanza na la ukoo.

Aliita wazee. Nakwambia aliita wazee wa watu waache palizi ya mpunga waje kutazama simu. Mwali alikalishwa nyuma ya nyumba, mgongo umegeuka, akaambiwa amemtaja mkwe. Mumewe akamtetea: "Tata, hajakutaja. Ameandika tu, ajue ni nani anapiga." Mzee akajibu kwa sauti ileile ya Ijumaa, wazee wakisikia:

"Kuandika ni kutamka kwa vidole."

Wazee walilipenda neno hilo, wakalirudia hata njiani. Mwali akatozwa kuku. Mumewe akamkamata kuku, akamtupa miguuni pa baba yake, akamshika mkewe mkono, wakapanda gari la Mbeya jioni hiyohiyo. Hawakusemezana tena, baba na mwana. Kila mmoja alimngojea mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa na kiburi kimoja, kama pua zao.

Sasa ile Ijumaa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na barabara ya stendi ilikuwa tope tupu, kwa hiyo hakuna aliyetoka. Mzee akaja na karatasi. Akasema leo tapeli kabadilisha mbinu, hataki kurithi dhahabu, ameandika kwa "baba". Anwani ya aliyetuma ilikuwa ya duka fulani la simu Mbeya, zile wanazofungulia mteja wanapomuuzia simu. Akasafisha koo. Akaweka mkono kifuani. Akasoma.

"Baba, shikamoo. Nisamehe kwa kukusumbua. Ni mimi wa huku Mbeya. Mwanao amelazwa, hali yake si nzuri. Hajui kama nimekuandikia, amenikataza. Lakini usiku homa ikipanda anakuita wewe. Ukiweza njoo."

Alipofika kwenye homa alitetemesha sauti, akapepesuka, tukafa kwa kicheko. Kila mmoja wetu alishapigiwa simu za namna hiyo, mwanao ameanguka shuleni, tuma ya matibabu haraka. "Bado namba ya kutuma," akasema mzee akikunja karatasi. "Subirini. Barua ya pili itakuja na namba."

Barua ya pili ilikuja, namba haikuwemo. "Baba, shikamoo. Najua una hasira na mimi. Hata usiponiangalia mimi, njoo umwone yeye, mimi nitatoka nje. Anasema ukija usije na bodaboda, kifua chako hakipendi upepo." Hapo alisimama kidogo. Nilimwona. Alikunja uso kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali, nasi tukawa tunangoja. Kisha akapuliza pumzi akasema, "Huyu anajua kubembeleza, apewe kazi." Tukacheka. Akarudi chumbani, akaiamuru seva kitu chochote kitakachokuja kwa "baba" kifutwe mlangoni, kisiingie hata kapuni. Alinitangazia mwenyewe akipita, kwamba amemfungia tapeli duka.

Msiba ulifika kwa simu. Safari hii alipokea, kwa sababu walipiga ya ofisi na mimi ndiye niliyempelekea mkononi.

Alimleta mwanawe akamzika Ngonga, nyuma ya migomba, karibu na mama yake. Ofisi nzima tulikwenda. Maji yalikuwa yamejaa kwenye majaruba pande zote na waliochimba kaburi walikuwa wakichota maji kwa ndoo. Mzee alikaa kwenye kiti chake uani, kavu kabisa, shati limefungwa hadi shingoni. Akaanza kulalamika. Alisema mbele ya watu kwamba mwanawe amekufa kama asiye na baba, ameugua majuma bila yeye kuambiwa, na kwamba mwanamke aliyemwoa ndiye aliyemficha.

Shangazi wa mwali alitoka katikati ya wanawake. Mama mnene wa Katumba Songwe, mkulima, miguu ina tope la njiani. Alimwamkia kwanza, kwa heshima.

"Mugonile, tata. Binti yetu alikuandikia."

"Hakuna kilichonifikia."

"Kukupigia hawezi, kukutaja hawezi. Ulisema hata kwa vidole asikutaje. Akakumbuka ulivyosema mezani kwamba mtu aandike jina lolote, itakufikia. Akaandika baba. Kuna jina gani zaidi ya hilo?"

Mzee alifungua mdomo.

"Alitazama kila siku kama zimerudi," shangazi akaendelea. "Hazikurudi. Na wewe ndiye uliyetufundisha pale ofisini, mimi mwenyewe nilikuwepo, isiporudi imefika. Tukajua umezipata, umekataa. Mgonjwa naye akajua hivyohivyo, maana mwishoni mkewe alimwambia. Ile ya tatu aliisema mwenyewe, mkewe akaandika. Alikuwa hana tena nguvu ya kushika simu."

Sikuwa nimewahi kuona mtu akizeeka nikiwa nimesimama, lakini siku hiyo niliona. Alitutazama sisi wa ofisini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa anatazama migomba. Kabla ya kapu, barua ile ingerudi. Mke angejua haijafika, angetafuta njia nyingine, angemtuma mtu, ni mwendo wa asubuhi tu kutoka Mbeya hadi Ngonga. Nililijua hilo nikiwa palepale, naye alilijua kabla yangu, kwa sababu ndiye aliyelitengeneza kapu.

Aliporudi kazini alijifungia na seva yake kutwa nzima. Jioni akanijia mapokezi.

"Dada, mbili za kwanza nilizifuta. Zilisemaje?"

Nilimwambia. Nilizikumbuka neno kwa neno, maana alikuwa amesoma vizuri. Nilipofika kwenye bodaboda na upepo akaniomba nirudie hapo, nikarudia. Akauliza, "Na ya tatu?" Nikamwambia hiyo hakuna aliyeisoma, aliifungia mlango yeye. Ningeweza kusema kwa upole zaidi. Nilimkumbuka mpima kakao na ndizi yake, sikusema kwa upole.

Alistaafu, nami nikaacha kazi baadaye. Nikasikia habari zake. Alipeleka mbuzi kwa wazazi wa mwali, huko Katumba Songwe ambako binti yao alirudi kuishi, kuomba apate kusikia ile ya tatu ilisema nini. Mbuzi alirudishwa. Akatuma wazee, walewale wa siku ya simu. Wakapewa chakula, wakajibiwa kwamba mwali hawezi kuzungumza habari za mkwe wake, ni mwiko.

Mwaka huu nilikwenda Kyela sokoni kununua mchele. Nilimkuta huyo mwali anauza, amenenepa kidogo, anapima kwa mkono mwepesi. Tukasalimiana. Simu yake ilikuwa ileile, ameichomeka kwenye fundo la khanga, kioo kimepasuka kona. Alikuwa ameshafungua gunia ili anipimie nikamwona anashtuka. Akaweka kikombe chini, akavuta khanga kichwani, akazunguka nyuma ya magunia akachutama, mgongo umegeukia njia.

Nikageuka. Mzee wa Seva alikuwa amesimama pale na fimbo yake, shati limefungwa hadi shingoni. Hakunisalimu. Alikuwa anatazama ule mgongo.

"Mwanangu," akasema. Ile sauti ilikuwa imebaki, ndiyo peke yake iliyobaki. Wauza mchele wote waliacha kupima. "Nimekuondolea. Mbele ya watu wote hawa nimekuondolea mwiko. Nitaje jina. Nitukane ukitaka. Ila niambie ile ya tatu, alisema nini."

Mgongo haukutikisika. Kisha mwali akasema, taratibu, akinisemesha mimi:

"Dada, naomba umwambie baba sijamvunjia heshima hata siku moja, na sitaanza leo."

Mzee alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alisikia kila neno. Lakini mila ni mila, nikamgeukia, nikamwambia kama nilivyotumwa.

"Mwambie namwomba," akasema mzee. "Mwambie ni neno moja tu. Kama alinisamehe au hakunisamehe."

Nikamwambia mwali. Akafikiri. Niliona mkono wake ukigusa fundo la khanga pale penye simu, ukatulia hapo, kisha ukatoka.

"Mwambie baba ile ya tatu nayo haikurudi," akasema. "Kwa hiyo imefika."

Nikageuka nimwambie. Alitikisa kichwa kunizuia. Alisimama bado kidogo, mtu wa bodaboda akampigia honi apishe njia, akapisha. Halafu akaondoka kwa kufuata ukuta, upande wa stendi.

"Ameshapita?" mwali akauliza.

"Ameshapita."

Akanyanyuka, akajifuta magoti, akachukua kikombe chake.

"Ndaga, asante, dada. Ulisema nikupimie kiasi gani?"